Kabari Chini ya Kisigino

Wifi yangu anaitwa Bapa. Jina hilo alipewa shuleni na watoto waliomcheka nyayo zake, kwa sababu hazina kiupinde. Akikanyaga sakafu miguu ikiwa na maji, anaacha alama nzima kuanzia kisigino mpaka vidole, bila ile sehemu ya ndani ambayo kwa watu wengine hubaki kavu. Mtu mwingine angelizika jina la namna hiyo. Yeye amelipaka kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda chake: BAPA FUNDI VIATU. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia anayetaka kucheka acheke, ila acheke huku akivua kiatu.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Nashona nguo kwenye baraza hilohilo, cherehani yangu ikitazamana na meza yake, na kwa miaka kumi na sita tumegombana kila siku ya Mungu kuhusu redio, kivuli, na nani kachukua mkasi wa nani. Kwa hiyo nikimsifia hapa, mjue sijahongwa.

Bapa hamwangalii mteja usoni. Anapindua kiatu kwanza. Kwenye soli anasoma mambo ambayo wewe mwenye kiatu huyajui: kwamba unabeba mzigo bega la kushoto, kwamba goti lako moja linakusumbua, kwamba hicho kiatu ulikiazima. Kuna mama alikosana naye mwezi mzima kwa hilo la kuazima. Na ana ugonjwa mmoja, hawezi kurudisha kiatu kibovu. Mpelekee akushonee kamba tu, utakuta amekwishatia gundi ubavuni na kubadilisha kisigino. Akiona soli imelika upande wa ndani, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kapu la vipande vya ngozi. Anachonga kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, anaisokomeza chini ya kisigino, upande wa ndani, ili mguu usiangukie ndani kila unapokanyaga. Hatozi wala hasemi. Wateja wanarudi wiki ya pili wakisema magoti hayaumi tena, wanashukuru dawa waliyonunua.

Mwalimu wa umeme kutoka chuo cha ufundi alikuja kwetu kwanza kwa ajili ya kiatu kilichoachia soli, akarudi kwa ajili ya kazi. Alikuwa amebuni soli ya ndani ya kupima nyayo. Ukiiona hutaamini kuwa ni kipimo. Ni sponji nyeusi, ile inayokuja imefungia vipuri vya redio, vipande vya shaba vyembamba kama karatasi, nyaya nane, na kiboksi cha betri kinachofungwa juu ya kifundo. Ukitembea nayo, simu inakuonyesha unyayo wako kwa rangi. Panapobeba uzito panakuwa pekundu, pasipobeba panabaki buluu. Mguu wenye kiupinde unaacha buluu katikati, upande wa ndani. Mguu bapa unakuja mwekundu wote.

"Hospitali kubwa wana mashine ya kazi hii," alituambia, "ila ni moja tu, na foleni yake ni ya miezi. Hii yangu ni ya vitu vya kuokoteza. Naitia kwenye mkoba, napima shule nzima asubuhi moja."

"Nani kakwambia mguu bapa ni ugonjwa?" Bapa akauliza. Hakuinua macho kwenye kiatu alichoshika.

"Si ugonjwa, mama. Wengi wala hauwasumbui. Lakini wapo unaowaumiza, na wasipojulikana mapema wanaumia zaidi. Ndiyo maana nataka kuwachuja, wanaoumia wapelekwe kwa daktari."

Wifi yangu akapanguza mikono kwenye aproni. "Haya. Lete tuione hiyo sponji."

Basi tukafanya kazi watatu. Bapa alikata saizi sita. Mimi nilishona vifuniko vya turubai jepesi, kwa kuwa mshono wa Mwalimu ulikuwa kama wa mtu aliyeshonea kwenye gari linalokwenda, nami nilimwambia hivyo mbele ya wateja wangu. Alicheka tu. Ni kijana asiye na makuu.

Kazi ya kwanza kubwa ikawa ya kikosi cha zimamoto. Walikuwa na vijana arobaini wa kuanza mafunzo, na kanuni yao inasema mwenye nyayo bapa hapokelewi. Miongoni mwa arobaini hao alikuwemo Chapu.

Chapu ni binti, mtoto wa pekee wa Bapa na marehemu kaka yangu. Ana miaka ishirini na moja. Tangu mdogo alikuwa anafika juu ya paa kabla hujamaliza kumkataza, na hiyo kazi ya zimamoto alianza kuisema akiwa darasa la nne, akaisema mpaka tukachoka kumwuliza. Alikwishapita mtihani wa kuandika, akapita wa kukimbia na wa kubeba gunia. Kilichobaki ni nyayo.

Mpango ulikuwa hivi. Kila kijana alete raba zake barazani kwetu siku moja kabla ya kupimwa. Sisi tutoe soli za ndani zilizochakaa, tusafishe, tuhakikishe soli za kipimo zitakaa bila kukunjamana. Kesho yake Mwalimu azihamishe kutoka kiatu hadi kiatu, kila mmoja atembee hatua thelathini, basi. Jozi arobaini zikapangwa barazani, hata pa kupitisha mguu hapakuwepo. Bapa alizishughulikia tangu asubuhi mpaka alasiri, huku akinisimulia habari za jirani aliyepaka nyumba rangi ya waridi. Niliuona mkono wake ukienda kwenye kapu la ngozi. Sikuutilia maanani, kwa sababu ndio mkono niliouona ukienda huko miaka yote hiyo.

Walipopimwa, wote arobaini wakatoka buluu katikati.

Orodha ikabandikwa kituoni siku hiyohiyo. Chapu alikuja mbio, akaninyanyua na kigoda changu, nikamtukana kwa furaha. Bapa alitabasamu tu, akaendelea kugonga msumari. Niliona ameficha machozi nikajitia hamnazo.

Siku ya tatu Mwalimu akaja, uso umemshuka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa soli zake kwenye mkoba, akaanza kuzing'oa nyaya.

"Unafanya nini wewe?" nikamwuliza. Turubai lile nilikuwa nimelishona mimi.

"Hazifai, mama. Watu arobaini na asiwepo hata mmoja mwenye nyayo bapa? Haiwezekani. Chuoni nilimpima mwenzangu ambaye najua ni bapa, akatoka mwekundu. Kule kituoni hakuna. Nyaya zimelegea, au sponji imechoka. Leo naandika barua kwamba kipimo kimeshindwa."

Nyundo ya Bapa ikasimama.

"Acha hizo nyaya," akasema. "Sponji yako haina kosa. Jozi saba zilikuwa na kabari zangu."

Mwalimu hakuelewa. Bapa akamweleza kwa maneno machache kama anavyosema na mteja: soli zililika ndani, akatia ngozi, mguu ukainuka, uzito ukahamia upande wa nje, na katikati pakabaki buluu. Hakukusudia. Alikuwa anaongea na wifi yake na mkono ukafanya kazi yake. Mwalimu akamkodolea macho, kisha akaanza kucheka kidogokidogo, kisha akakumbuka orodha na kicheko kikamkatika.

Mimi sikungoja. Nilimvuta wifi yangu nyuma ya pazia wanapojaribia nguo.

"Nyamaza," nikamwambia. "Orodha imeshabandikwa. Kijana huyu mwambie kabisa kwamba ulikosea, kwamba hukutia chochote."

"Na nyaya zake?"

"Atanunua nyingine! Wifi, mmoja wa hao saba si Chapu?"

"Chapu hajawahi kuvaa kiatu nisichokitia kabari. Tangu anaanza kutembea."

Hilo lilinikata maini. Nimemlea mtoto yule kwa mikono hii, nimemwogesha, nikamshonea kila sare, na sikuwahi kujua. Mama yake alijua, akawa anachonga ngozi kimyakimya miaka ishirini ili asiwepo mtu wa kumwita mtoto Bapa mdogo. Nikaona sasa anataka kwenda kumwanika mwenyewe.

"Unamwaga unga wa mwanao kwa ajili ya sponji," nikasema. Nikasema na mengine ambayo sitayaandika.

Hakupandisha sauti. "Kuna jozi mbili katika zile saba zimelika vibaya sana. Wenye viatu vile wanaumia, wifi, hata kama hawasemi. Watapandishwa ngazi wamebeba watu mgongoni. Wakianguka, nimewaangusha mimi." Akafungua aproni. "Halafu sitaki Chapu apite kwa kujificha. Siku wakimvua kiatu watamtoa kama mwizi. Kama mlango wameufunga, naenda kuugonga mpaka waufungue."

Nilibaki na hasira zangu, siwezi kudanganya. Lakini nilifunika cherehani nikamfuata, yeye na Mwalimu, mpaka kituoni. Kwamba amekosea ni sawa, ila adharauliwe ugenini bila mtu wa kwao wa kumjibia? Hilo hapana.

Afande wa mafunzo alitupokea uani, mbele ya mnara wa chuma wanaofanyia mazoezi. Ni mtu mzima, mpana wa mabega, mwenye miwani minene. Bapa alimweleza akiwa amesimama, bila kupepesa macho na bila kuomba radhi zaidi ya mara moja. Afande akasikiliza, akakunja ndita, akaita wale saba.

Kabari zikatolewa, soli za kipimo zikatiwa. Wakatembea mmoja mmoja, hatua thelathini, Mwalimu akiinua simu ili kila mtu aone. Wa kwanza mwekundu, na wa pili na wa tatu vilevile. Wa nne alikuwa Chapu. Alitembea kichwa juu, kwa sababu alijua kuna makosa, akaamini makosa hayo hayamhusu. Kisha akaiona simu.

Alimgeukia mama yake. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu una miezi kumi na minne."

"Ile alama yangu bafuni..." Chapu akaitazama tena simu. "Nilidhani watu wote wanakanyaga hivyo. Yako na yangu zinafanana."

Mmoja wa wale vijana alicheka. Nilimtazama, akaacha.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekwambia. Niliogopa wasije wakakupa jina langu." Sauti ya Bapa ikakwaruza. "Kosa langu ni hilo. Kuhusu kabari, hapo sitajuta."

Chapu akarudi kwenye mstari. Alisimama na wenzake, mikono nyuma, taya limekaza, nikaona ni baba yake mtupu.

Walipokwisha wote saba, Afande alikunja nakala yake ya orodha. "Kanuni ni kanuni, mama. Hawa wanarudi nyumbani. Huyu binti, kwa kuwa mmekuja wenyewe na ukweli, nitamtafutia nafasi ya kupokea simu. Ni kazi nzuri, ya kukaa."

"Sikuja kupokea simu, afande," Chapu akasema.

"Binti, nakusaidia."

"Najua, afande. Sikuja kupokea simu."

Hapo Bapa akapiga hatua moja mbele. "Afande, naomba uvue miwani."

"Ya nini?"

"Nakuomba kwa heshima. Vua."

Sijui kwa nini mtu yule alivua. Labda ndiyo sauti ile inayowafanya wateja wavue viatu. Bapa akanyoosha kidole kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, hatua kumi na kitu kutoka tulipo. "Nisomee jina la kwanza."

Afande akakaza macho, akasogeza shingo. "Sioni."

"Gari la zimamoto umeliendesha miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Bila miwani?"

Akaitazama miwani mkononi mwake. "Nikiwa na miwani."

"Na hakuna aliyekupeleka kwenye simu. Walikutazama ukiwa nayo, wakaona unaendesha, wakakuacha. Basi kabari yangu ni miwani ya mguu. Jicho likisaidiwa linafaa, mguu ukisaidiwa unafukuzwa? Nionyeshe kanuni inayosema hivyo."

Nilitaka kupiga makofi. Nilijizuia kwa kushika mkoba.

Mwalimu akakohoa. Alisema simu inaonyesha nani ni bapa, haionyeshi nani hawezi kazi. Hayo ni mambo mawili na kanuni imeyafunga pamoja. Akaomba wale saba wavue viatu na soksi, wasimame kwa ncha za vidole: kiupinde kikijitokeza, mguu ni mlaini na unaweza kazi; kisipojitokeza, ni wa kuonwa na daktari. Tukainama sote, hata Afande. Kwa watano, walipoinuka tu, kiupinde kikajitokeza chini ya mguu. Chapu alikuwa mmoja wao. Kwa wawili hakikujitokeza kitu, mguu ulibaki mgumu vilevile, na mmoja wao, kijana mrefu, jasho lilikuwa linamtoka.

"Unaumwa?" Bapa akamwuliza.

"Hapana, mama."

"Nimeshika kiatu chako, mwanangu. Nakuuliza tena."

Kijana akatazama chini. Alisema kila asubuhi humeza vidonge viwili vya maumivu kabla ya mazoezi, na jioni hushuka ngazi za kwao kwa makalio. Nilimwangalia wifi yangu, na hasira zangu zote zikaniishia palepale. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Mwalimu aliwaandikia wale wawili barua ya kwenda hospitali. Bapa akasimama hapohapo mpaka Afande aliposema kwa kinywa chake kwamba nafasi zao zitawangoja mpaka daktari aseme.

"Naomba kupanda, afande," Chapu akasema.

Mnara una ghorofa nne na ngazi ya chuma. Mpira wa maji uliokunjwa unabebwa begani, na mtu akiwa na buti. Afande akatoa saa yake. Mara ya kwanza Chapu alipanda na buti za stoo kama zilivyo, bila kabari. Alifika juu, akashuka. Aliposhuka kifundo kilikuwa kinaangukia ndani, na alitembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wote walimtazama usoni. Bapa alitazama buti.

"Vua," akamwambia.

Akakaa chini, palepale kwenye saruji, akatoa kisu na ngozi kwenye mfuko wa gauni. Kumbe alikuja nazo. Alichonga bila kuharakisha, akapima kwa kidole gumba, akaingiza ya kulia kisha ya kushoto. Chapu alikuwa amesimama mbele yake bila viatu. Nilimwona akiutazama utosi wa mama yake, ulioanza mvi, na lile taya likalegea.

"Punguza kidogo hii ya kushoto," akasema taratibu.

"Najua mguu wako," Bapa akajibu, akapunguza kidogo.

Akapanda mara ya pili, amekwishachoka, mpira uleule begani. Safari hii buti ziligonga vyuma kwa mpigo mmoja, tap tap tap, mpaka juu, na kushuka vilevile. Afande akaiangalia saa, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaiangalia tena. Chapu alikuwa amepunguza sekunde tisa. Wale wanne wengine wakachukua buti stoo bila kuambiwa, wakapanga mstari mbele ya Bapa. Akawachongea wote, nao wakapanda mmoja baada ya mwingine mpaka jua likatuhamisha upande wa pili wa ua.

Baadaye Afande akatuingiza ofisini. Alitoa fomu ya Chapu, akakaa nayo.

"Hapa pameandikwa kasoro," akasema. "Halafu ni ndiyo au hapana. Hapana mahali pa kuandika kabari."

"Pembeni pana nafasi," Bapa akamwambia. "Andika ulichokiona."

Akaandika polepole, mwandiko wa mtu aliyezoea kushika usukani. Akaigeuza fomu ili wifi yangu asome. Alikuwa ameandika: Nyayo bapa, lakini anafaa.

Nilishusha pumzi. Nilikuwa tayari kumbusu mkono. Chapu naye alikwishaanza kusema asante. Bapa alisoma mara moja, akasoma tena, akaweka kidole chake chenye gundi katikati ya mstari.

"Hiyo 'lakini' ni ya nini?"

"Mama?"

"Ifute."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuusogeza. Afande alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Chapu, aliyekuwa amesimama wima na buti zake. Hakuna aliyemsaidia. Akashika kalamu, akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akagonga mhuri, akavuta fomu ya pili.